Mbao za Kasulu na Kanzu ya Mzee Shabani

Mmeniuliza mpaka nimechoka. Mlinisimamisha sokoni, mkanivuta pembeni msibani, na mmoja wenu aliniuliza nikiwa bado na sabuni usoni: "Mama Hadija, kule mulipita ilikuwa aje?" Na wote macho yanatambaa mgongoni mwangu, mnatafuta kovu. Kovu hakuna, poleni. Sasa naandika mara moja tu, mpokezane wenyewe kwa wenyewe, na atakayetia chumvi ajue nimeshamtambua kabla hajafungua mdomo. Habari za ruhusa, mihuri na madirisha ya ofisini sitaziandika. Anayezitaka aende akapange foleni yake.

Nyakabiga, siku ya kanzu

Tuanze pale mlipocheka, nyumbani kwangu Nyakabiga.

Kazi yangu mnaijua. Tangu marehemu mume wangu alipotutoka nakodisha viti na meza za harusi, na tangu vita vianze, za matanga kuliko za harusi. Mnaujua pia ujinga wa watu wa Bujumbura, na msinikasirikie, mimi ni mmoja wao: mtu akija kukodi kiti hakikalii. Anakiangalia rangi. Kikiwa chekundu, basi ni mbao ya Kongo, muvula au libuyu, kiti cha watu wenye heshima. Kikiwa cheupe, ni mkaratusi au msonobari, kiti cha kusubiria daktari. Zamani mbao nyekundu zilivuka ziwa kila wiki. Vita vilipokolea pande zote mbili za maji, kidogo kilichofika kilikwenda kwenye majeneza. Lakini wateja walitaka vyekundu, basi nikamwambia fundi wangu Saidi, mwenye karakana kule Cibitoke, anitengenezee vyekundu.

Akatengeneza. Vyekundu, vinang'aa, unajiona uso.

Siku ya posa ya binti yangu Hadija nikavitoa vile vipya, havijakaliwa na mtu. Alikuja Mzee Shabani, muuza nguo wa Kanyosha, baba wa kijana Yusufu, na wenzake saba, Yusufu akiwamo, wote kanzu nyeupe pe. Nani hamjui Mzee Shabani? Akikusalimia anaitazama kola yako kwanza, uso baadaye. Msemaji wa upande wetu nilimweka shemeji yangu mmoja, karani, kwa sababu ana tai. Jua lilikuwa kali, turubai jepesi, na wasemaji waliongea utadhani wanalipwa kwa neno. Viti vikaanza kutoa jasho. Tuliposimama kwa dua, akina mama ndio walioona kwanza, halafu watoto, halafu sote: kanzu nane, na kila moja nyuma ina duara jekundu linalonuka jikoni. Mawese! Zilikuwa mbao nyeupe zilizopakwa mawese. Mzee Shabani mwenyewe hakuwa amejiona. Aliitikia "Amina" kwa heshima zake zote, akaketi tena, na mguu wa kiti ukavunjika.

Mlicheka. Niliwaona, na majina ninayo.

Aliinuka kutoka chini, akajipapasa nyuma, akauangalia mkono wake. "Mutu mwenye kutudanganya na kiti," alisema, "atatudanganya na mutoto pia." Wakaondoka, Yusufu nyuma yao na duara lake. Shemeji mwenye tai alikuwa ametoroka kabla ya wageni.

Wanawake wakubwa walikwenda Kanyosha mara tatu kuomba radhi. Jibu lilirudi hivi: Mzee Shabani atakuja mara moja zaidi, Jumapili ya mwisho kabla ya Ramadhani. Ataketi nyumba ile ile, kwenye kiti changu, cha mbao ya kweli. Kikimchafua au kikimwangusha, Yusufu ataoa kwingine, na msichana mwingine alikuwa ameshatazamwa. Hadija na Yusufu wamependana tangu shule. Mtoto wangu hakulia mbele yangu. Alikaa jikoni akisugua sufuria iliyokwisha kung'aa, na sauti ile ya kusugua ndiyo iliyonipeleka safari. Kuna mliosema, si ukodi vya plastiki? Mkwe ameondoka na mawese makalioni, umrudishe kwa plastiki! Akili ni nywele, kweli, na wengine mna vipara.

Saidi alikuja na kofia mkononi. Akasema aliyemuuzia mbao alimdanganya, na kwamba atafuatana nami bila malipo mpaka Kasulu, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, kwani babu yake alichana mbao kule na mninga wa kule ni mwekundu mpaka ndani. Nilimjibu maneno ambayo siyaandiki, kuna watoto watasoma. Halafu nikamwambia apande gari.

Kutoka mjini, ambako hatukutoka

Barabara ya kusini haikuwa na gari linalokwenda peke yake. Magari yalikusanyika mwisho wa mji yakingoja askari wa kuyasindikiza, ndiyo konvoi. Amani wakubwa walikuwa wameshaisaini Arusha na picha wakapigwa, ila risasi zilikuwa hazijaisoma ile karatasi. Tuliambiwa tutaondoka saa mbili asubuhi. Hawakusema ya siku gani.

Siku mbili tulikaa kivulini mwa lori la Deo, shoferi wangu, mtu mnene mwenye subira ya kuudhi, tukitafuna mihogo ya kuchoma na karanga. Na watu wakishasikia unafuata mbao, basi kila mmoja ni bwana miti. Askari mmoja akanishauri msonobari, kwa vile ni mwepesi. Mwepesi kweli, mtu mzito akiketi, nao unaketi. Mwalimu mmoja akasema mkaratusi, eti unakua haraka. Nikamuuliza kama mke wake alimchagua kwa mbio. Akaja mchungaji na Biblia kwapani: mwerezi, mama, Suleimani alijengea hekalu.

"Suleimani alikodisha hekalu kila Jumamosi?" nikamuuliza. "Lilirushwa juu ya kamiyo kama hii ya Deo, likatupwa chini na vijana walevi, likarudi Jumatatu linanuka bia, mguu mumoja umebaki kwao?"

Mchungaji akafungua Biblia akasoma kimya. Lakini swali langu ndilo lilikuwa swali lenyewe. Kiti cha nyumbani kina bwana mmoja anayekihurumia. Cha kukodisha kila mtu anakikalia kama cha adui yake.

Saidi siku zote mbili hakusema neno juu ya mbao. Nikadhani ni haya ya mtu aliyepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi nikamwita Bwana Mawese mbele ya watu, wakacheka, na kabla ya konvoi kuondoka jina lilikuwa limeshafika mpaka gari la mwisho. Nilifurahi sana. Naandika ukweli.

Rumonge, penye migebuka na mawese

Tulifika Rumonge na magurudumu yote, alhamdulillahi. Pale niliagiza migebuka wa kukaanga, samaki wa ziwa letu, na ugali na pilipili ya kutoa machozi, na kwa mara ya kwanza tangu Nyakabiga nilijisikia mtu. Mnajua Rumonge ndiko mawese yanakotoka. Madumu yalipangwa kandokando ya barabara, mekundu, yanameremeta juani. Mimi nikageuza kiti changu nisiyaone.

Ndipo muuzaji mmoja, mama mwenye khanga mbili na meno mazuri, akaja mbio anacheka.

"Eh, fundi wa Cibitoke! Zile mbao zilishika rangi? Leo unabeba madumu ngapi?"

Nikamgeukia Saidi. Saidi akaweka tonge lake chini. Yule mama alituangalia, akaelewa kwamba hapa pana jambo, akarudi kwenye madumu yake pole pole.

"Hakuna mutu alinidanganya," Saidi akasema. "Ni mi nilipaka."

"We?"

"Mi, Mama Hadija. We ulisema, Saidi, nataka nyekundu, lakini bei ya nyeupe. Nikakuambia nyekundu hakuna. Nikakuambia ile nyeupe nayo ni mbichi, inataka miezi ya kukauka, itavunjika. Ukasema wateja hawangojei mbao ikauke. Ukasema kama mi siwezi, iko fundi mwingine Nyakabiga mwenye kuweza. Nina watoto sita, mama. Nikapaka."

Nilitaka kumrushia sahani. Si kwa sababu alisema uongo. Kila neno nililikumbuka. Nilikumbuka hata mahali niliposimama mle karakanani, mkono kiunoni, nikiyatamka. Rahisi yavunja upishi, na ile rahisi niliitaka mimi. Lakini je, kuna mtu kati yenu aliyewahi kuniona nakubali kosa? Basi na Saidi hakuniona.

"Kula," nikamwambia. "Samaki anapoa."

Na kutoka pale mpaka mpakani nilimwita Bwana Mawese kwa sauti kubwa zaidi kuliko mwanzo. Aibu mtu akiwa nayo nyingi humgawia mwenzake.

Mlimani, mpaka Manyovu

Baada ya Nyanza-Lac barabara inaliacha ziwa na kupanda, na lori la Deo kupanda halikutaka. Springi ilikatika karibu na Mabanda. Deo alitazama chini ya gari, akasema "Eh," akalala. Siku moja na nusu tulimngojea mhunzi aliyekuwa ameenda kwenye ubatizo, na aliporudi ilibidi kwanza atusimulie ubatizo wote, waliokunywa na waliogombana. Mwenye nyumba ya jirani alitupa maharage na ndizi, akakataa hata shukrani. Watu wa milimani wana tabia nzuri inayokukosesha cha kulalamikia.

Upande wa Tanzania, Manyovu, niliteremka kunyoosha miguu nikajikuta mstarini. Kijana mmoja mwenye kofia na daftari akanishika mkono kwa upole.

"Pole sana mama. Familia yako watu wangapi?"

"Nina mtoto mumoja. Kwa nini?"

"Yuko wapi?"

"Bujumbura."

Akatikisa kichwa, macho yamemjaa huruma. "Atatafutwa, mama. Usikate tamaa."

"Atafutwe na nani? Hajapotea! Iko jikoni kwangu!"

"Ndiyo, mama," akasema taratibu, kama unavyosema na mgonjwa, akanifunika blanketi mabegani na kunipa kikombe cha uji. Nikapiga kelele kwamba mi si mukimbizi, mi ni mfanyabiashara, nakuja kununua mbao za viti vya harusi! Kijana akaandika kitu. Nadhani aliandika kwamba akili yangu imeguswa. Deo, badala ya kunisaidia, alikuwa ameshika usukani anacheka mpaka honi inalia.

Mbele yangu kwenye mstari alisimama mwanamke kijana, mtoto mgongoni, sufuria moja mkononi, na hana kingine. Aligeuka akaniuliza kwa Kiswahili chetu cha nyumbani: "Mama, kweli we unarudi kule?"

"Narudi."

"Kwa ajili ya harusi?"

"Ya binti yangu."

Nilitegemea anicheke, na jibu nilikuwa nalo tayari mdomoni. Akasema tu, "Mungu amupe." Nikavua blanketi nikamfunika yeye na mtoto, nikampa na uji, nikarudi kwenye lori. Deo alianza utani, akaniona uso, akawasha gari.

Kasulu

Mzee Bilali wa Kasulu ana uwanja wa mbao wenye harufu nzuri kuliko nyumba nyingi nilizowahi kualikwa. Alinisikiliza nikijieleza, akacheka na kifua chote.

"Mama, Kiswahili chako kimevunjika miguu."

"Na viti vyangu pia. Ndiyo mana nimekuja."

Akapenda jibu, akatuletea chai. Nami nikaanza kazi. Nilitaka mbao ngumu kuliko zote duniani, ngumu ya kumtia adabu Mzee Shabani na ukoo wake. Akanionyesha mkurungu. Niligonga kwa jiwe, jiwe likaruka. Huu huu! nikasema. Pakia!

"Unataka kufanyia nini, ngome?" Mzee Bilali akauliza.

"Viti. Vya kukodisha."

Akanitazama, akamtazama Saidi. Na Saidi, aliyenyamaza tangu Rumonge, akainama, akauinua ubao mmoja wa mkurungu mpaka begani, akatembea nao hatua kumi kwenda na kumi kurudi, akautua miguuni pangu.

"Beba," akaniambia.

"Nibebe nini?"

"Beba, Mama Hadija."

Nikajaribu. Sisemi kilichotokea kiunoni.

"Kiti cha kukodisha hakikaliwi sana," Saidi akasema. "Mutu anaketi saa mbili, tatu, basi. Kazi yake ni kubebwa. Kinapanda kamiyo, kinashuka, kinaangushwa, kinakaa juani, kinanyeshewa, kinapandishwa tena. Kikiwa kizito, vijana watakitupa, na kikitupwa kinaachia kwenye maungio. Tunataka mbao yenye kushika maungio, isiyopinda jua na mvua vikipokezana, na yenye mutu kuweza kubeba mbili mbili. Ni mninga, mama. Mukavu."

Miaka tisa mtu huyu amenitengenezea viti, na mimi miaka tisa sikuwahi kumuuliza kiti kinakufa kwa nini. Nilikuwa namuuliza kitakuwa tayari lini.

Alichagua siku nzima. Aliranda kila ubao kidogo na kunusa, akatazama ncha kama zina nyufa, akaukataa wowote wenye ukingo mweupe, akisema huo mweupe ni chakula cha wadudu. Alizitaka tu zile zilizokaa chini ya paa misimu miwili mizima ya mvua. Mimi nami sikukubali kupitwa: nilivua kitambaa changu cheupe cha kichwani, nikakichovya kwenye mafuta ya taa, nikasugua kila ubao kwa nguvu zangu zote. Kitambaa kikatoka na vumbi tu. Mzee Bilali aliniuliza ninatafuta nini.

"Mawese," nikamwambia.

Akasema katika maisha yake yote hajapata kuulizwa na mteja kama mbao ina mboga.

Kurudi, na pale Magara

Kurudi hadi Rumonge sina la kusema, isipokuwa kwamba Deo anaimba na hajui. Rumonge tukangoja konvoi tena, na hapo Saidi akaanza wazimu. Alishusha nusu ya mbao, akazisimamisha kwa ubavu upande wa kulia wa lori, safu nyuma ya safu, akazifunga kwa kamba, na nyuma yake akaacha nafasi ya watu wawili kuketi. Asubuhi yote! Watu wanapita wanatazama.

"Unajenga msikiti?" nikamuuliza. "Nitafute na mwadhini?"

"Mbao inataka hewa," akasema. Akakaza fundo, halafu akaongeza bila kuniangalia, "Na kule Magara mulima uko karibu na barabara."

Mimi mahali pangu palikuwa mbele, kwenye kiti laini, pembeni ya Deo. Lakini wakati wa kuondoka nikamkuta ameshamkalisha pale mama mwenye kichanga cha siku chache. Nililalamika kidogo. Haya, nililalamika sana. Mwisho nikapanda nyuma na khanga yangu, nikaketi kwenye nafasi aliyoiacha Saidi, miguu kuelekea ziwani, mgongo nimeuegemeza kwenye mbao. Nikamwambia msikiti wake unaumiza mgongo.

Tulikuwa tumeipita Magara kidogo. Kwanza nilifikiri kuna watu wanapiga mikeka kuitoa vumbi. Halafu gari la mbele yetu, basi dogo, likayumba, na kutoka mlimani mikeka ile ikapigwa yote kwa pamoja. Saidi alinishika kichwa akanikandamiza magotini mwangu. Deo hakusimama, Mungu amlipe. Alikanyaga mafuta akalipita lile basi kwa upande wa majani. Nilisema shahada. Niliita jina la Hadija. Na katikati ya hayo ubao ulinipiga ngumi mgongoni, hapa, chini ya bega, ngumi moja nzito, nikasema basi, ndiyo hii.

Waliopiga ni nani? Msiniulize. Kila mtu Bujumbura ana jibu lake kulingana na mtaa anaolala.

Tuliposimama kwenye kizuizi cha askari, mbali mbele, nilijipapasa. Damu hakuna. Nyuma yetu lile basi dogo lilifika likivutwa, na waliteremshwa mle watu ambao hawakusimama tena. Yule mchungaji wa mwerezi hakuwamo, kama mnataka kujua, niliangalia. Walikuwamo wengine. Mama mmoja alikuwa bado ameshika kikapu cha ndizi. Juu ya hilo sina dhihaka, na atakayelifanyia dhihaka asinijie nyumbani.

Saidi alikuwa juu ya lori, anapitisha kidole kwenye mbao. Nikapanda. Ubao wa kwanza, wa nje, una tundu. Wa pili una tundu. Wa tatu, ule niliouegemea, una tundu upande wa mlima. Upande wangu hauna. Kuna uvimbe tu kwenye mbao, kama punje ya harage chini ya ngozi.

Saidi aliuona, na alijua nani alikuwa ameegemea pale. Hakusema kitu. Ningekuwa mimi, ningesema. Ningesema kila siku mwaka mzima, na harusi ya mtu ningeisimamisha niseme. Yeye alikaza kamba iliyolegea, akateremka akaenda kumsaidia Deo kubadili gurudumu. Nikalia pale juu ya mbao kama mtoto. Nilikuwa nimeogopa, nami nilikuwa nimeona haya, na sikuweza kuvitenganisha. Aliporudi nikamwita, "Saidi." Akaitikia, "Ee, mama." Nikamuuliza kama gurudumu limefungwa. Nilitaka kusema asante, ila kinywa changu kilikuwa hakijapitisha neno hilo siku nyingi.

Nyakabiga, Jumapili ya mwisho

Viti mliviona. Saidi aliviunga kwa ulimi na tundu na vijiti vya mninga, bila msumari hata mmoja, wala sikumharakisha. Vijana wangu wanabeba viwili viwili. Ule ubao wa tatu alitaka kuukata autupe, nikamkataza. Ukawa egemeo la kiti kimoja, na risasi imo ndani mpaka leo.

Mzee Shabani alikuja na wenzake saba. Wenzake, waoga wale, walivaa kanzu za rangi ya udongo! Yeye peke yake alivaa nyeupe, kwa kiburi, na kiburi hicho nilikiheshimu. Alitoa leso nyeupe mfukoni, akafuta kiti mbele ya watu wote, akaitazama leso, akainusa. Safi. Akaketi. Akajitikisa kushoto na kulia. Kiti hakikusema kitu. Nyuma ya pazia nilimwona Hadija amejishika mdomo.

"Haya," akasema Mzee Shabani. "Nani anasemea mutoto?"

Shemeji mwenye tai aliinuka. Nikamwambia aketi. Nilikwenda mlangoni alikosimama Saidi, nyundo kiunoni, akingoja kama kiti kitaleta fitina. Nikamvuta mkono mpaka mbele, nikamkalisha kwenye kiti chenye tundu la risasi. Mlinong'ona, niliwasikia.

"Huyu si ndiye fundi?" Mzee Shabani akauliza, na leso ikarudi mkononi. "Fundi wa mawese?"

Haya ndiyo maneno niliyoyasema, na anayesema nilisema mengine ni mwongo. "Muzee Shabani, mawese ilikuwa yangu. Mi niliagiza nyekundu kwa bei ya nyeupe, na fundi alinikataza. Kanzu zenu nilizichafua mi. Kama ni udanganyifu, ni wa mama, mutoto hakuwamo. Na mutoto yule ana mama leo kwa sababu ya huyu mutu." Nikageuza kiti kidogo, na Saidi juu yake, nikamwonyesha lile tundu.

Mzee Shabani aliinuka, akaja, akatia kidole. Kidole kiliingia mpaka kikagota.

"Nyuma ya hii mbao alikuwa nani?"

"Mi."

Mnajua yeye akimtazama mtu huanza na kola. Safari hii alimtazama Saidi usoni. Halafu akaikunja leso yake mara nne, akaitia mfukoni, akarudi kuketi.

"Basi fundi aseme," akasema.

Yaliyofuata mnayajua, wali mliula wenyewe, na wengine mlibeba. Lakini kuna moja hamkuliona, kwa sababu wote mlikuwa mnatazama kanzu. Saidi alikuwa ameketi ukingoni kabisa mwa kiti, nyundo bado kiunoni, kama mtu anayengoja kufukuzwa. Nikainama nikaitoa ile nyundo.

"Egemea, Saidi," nikamwambia. "Mi niliegemea."

Akaegemea.